Nani Anapiga Mbiu, Nani Anaisikia: Ramani ya Ujumbe Ndani ya Ubongo wa Binadamu



Nimeombwa nizungumzie ubongo. Somo hilo ni pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nitashika pembe yake moja: kazi ya kuchora ramani inayoonyesha ni jeni zipi zimewashwa katika kila sehemu ya ubongo wa binadamu, hasa jeni zinazoziwezesha seli kutumiana ujumbe. Nina hoja moja, nayo naitaja mapema ili mnipime nayo. Katika magonjwa ya ubongo, kujua kwamba kemikali fulani ipo hakutufikishi mbali mpaka tujue inatengenezwa wapi na inapokewa wapi. Elimu hiyo ya mahali tumeipata, kwa sehemu kubwa, kutokana na watu waliokubali wao au familia zao kwamba ubongo uchunguzwe baada ya mauti. Kwa hiyo nitazungumzia molekuli, na nitazungumzia watu.

Jeni zilezile, kazi mbalimbali

Ubongo wa mtu mzima una takriban seli za neva bilioni 86. Karibu kila moja imebeba seti nzima ya jeni zetu, zikiwemo jeni kama 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ya ini inazo hizohizo, na seli ya ngozi inazo hizohizo. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Jeni inapowashwa, seli hunakili maelekezo yake kwenye uzi wa RNA, na uzi huo ndio unaoongoza utengenezaji wa protini. Basi tukitaka kujua seli fulani inafanya kazi gani, tunatafuta RNA iliyomo ndani yake.

Na kazi kubwa ya seli za neva ni kuwasiliana. Mwaka 1921, mjini Graz, Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa bado inadunda. Akasisimua neva ya moyo wa kwanza mpaka mapigo yakapungua, kisha akachukua majimaji ya moyo ule akayahamishia kwenye moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Ujumbe ulikuwa umesafiri ndani ya maji. Kemikali iliyoubeba ndiyo asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini mbiu haitoshi kuwa na mpigaji tu. Lazima wawepo wenye masikio. Ndani ya ubongo, seli moja hutoa molekuli ya ujumbe, na seli nyingine huwa na protini maalumu, tunayoiita kipokezi, inayoinasa molekuli ile na kuiamsha seli ichukue hatua. Pasipo kipokezi ujumbe hupita bure. Pasipo mtoaji, kipokezi hukaa bila kazi. Kwa hiyo kila ujumbe unahitaji ramani mbili: ya mahali jeni ya ujumbe inapowashwa, na ya mahali jeni ya kipokezi inapowashwa.

Ujumbe unaotuweka macho

Niwape mfano mmoja, na nitakaa nao kidogo kwa sababu sijui mwingine unaoonyesha thamani ya ramani hizi vizuri kuliko huu.

Chini kabisa katikati ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hiyo ndiyo inayosimamia njaa, kiu, joto la mwili na usingizi. Miaka ya 1990, maabara ya Gregor Sutcliffe huko La Jolla, California, ilitaka kujua ni jeni zipi zinazoitofautisha sehemu hiyo na nyingine. Watafiti walikusanya RNA ya haipothalamasi ya panya, kisha wakaondoa zile zinazopatikana pia katika sehemu nyingine mbili za ubongo. Zilizobaki zilikuwa chache, na mojawapo ilitoka kwenye kundi dogo sana la seli za kando ya haipothalamasi. Mwaka 1998 walitangaza molekuli mbili za ujumbe zinazotokana na jeni hiyo, wakaziita haipokretini.

Mwaka huohuo, huko Dallas, Texas, Takeshi Sakurai na Masashi Yanagisawa walifika mahali palepale kwa njia ya pili. Wao walikuwa na kipokezi ambacho hakuna aliyejua kinapokea nini. Walichuja kemikali za ubongo mpaka wakapata zinazokiamsha, wakaziita orexini. Kumbe ni molekuli zilezile. Kundi moja lilianza kwa mpigaji wa mbiu, kundi la pili likaanza kwa sikio, wakakutana katikati.

Lakini kazi ya molekuli hizo ni nini? Jibu lilitoka kwa mbwa. Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa kimefuga kwa miaka mingi ukoo wa mbwa wenye ugonjwa wa nakolepsi. Mbwa hawa walipopewa chakula wakipendacho, walifurahi, na katikati ya furaha miguu ikaishiwa nguvu wakaanguka. Mwaka 1999 Emmanuel Mignot na wenzake walionyesha kwamba mbwa hao wana hitilafu katika jeni ya mojawapo ya vipokezi viwili vya orexini.

Binadamu mwenye nakolepsi huzidiwa na usingizi mchana, hata akiwa amelala vya kutosha usiku. Wengi wao, wakicheka au kushtuka, shingo hulegea, magoti hukunjika, na huenda wakaanguka huku akili iko timamu na wanasikia kila linalosemwa. Fikirini mwanafunzi wa namna hiyo darasani. Ataitwa mvivu. Nyumbani huenda akadhaniwa ana mashetani. Anachougua kina mahali pake ndani ya kichwa, na mahali hapo panaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Watafiti walipopima jeni za wagonjwa, hawakukuta kasoro ile ya mbwa. Isipokuwa mtu mmoja mmoja, jeni ya ujumbe ilikuwa nzima na jeni za vipokezi zilikuwa nzima. Aliyetegemea kipimo cha damu angeishia hapo. Ilibidi kutazama ubongo wenyewe.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Ubongo wa marehemu uliohifadhiwa hukatwa vipande vyembamba sana, vyembamba kuliko karatasi, na kila kipande hulazwa juu ya kioo. Mtaalamu hutengeneza uzi mfupi wa RNA uliopangwa kinyume cha ule anaoutafuta, ili vikikutana vishikane, naye huutia alama ya mionzi. Kipande huloweshwa kwa uzi huo, kisha huoshwa. Uzi usiopata mwenzake huondoka na maji, uliompata hubaki. Kipande kikifunikwa kwa utando unaopigwa alama na mionzi, baada ya muda hujitokeza nukta mahali ambapo jeni ilikuwa imewashwa, na pengine pote hubaki tupu.

Mwaka 2000, kundi lililomhusisha Mignot lilifanya hivyo kwa ubongo wa watu waliokuwa na nakolepsi na wa watu wasiokuwa nayo. Kwa wasio wagonjwa nukta zilijazana kando ya haipothalamasi, mahali palepale panapotarajiwa. Kwa wagonjwa hapakuwa na kitu. Sasa tazameni kipimo walichoongeza, kwa maana hapo ndipo penye ustadi. Katika eneo hilohilo, zikiwa zimechanganyika na seli za orexini, kuna seli zinazotoa ujumbe mwingine unaojulikana kwa kifupi kama MCH. Wakazitafuta. Zilikuwepo. Kwa hiyo eneo halikuharibika lote. Zilikosekana seli za aina moja, na majirani zake wamebaki wazima. Mwaka huohuo kundi la pili, la Los Angeles, lilihesabu seli zenyewe likakuta kwamba wagonjwa wamepoteza kati ya asilimia 85 na 95 ya seli za orexini.

Mtu asiye mgonjwa ana seli hizo kama 70,000. Linganisheni na bilioni 86. Ni chini ya seli moja katika kila milioni. Ukiusaga ubongo mzima ukapima kwa wastani, hasara hiyo huioni. Ukijua pa kutazama, huwezi kuikosa.

Na ramani ya vipokezi ikaeleza kwa nini seli chache hivyo zina nguvu kubwa. Nyuzi zake husambaa ubongo mzima, na vipokezi vyake vimejaa kwenye vituo vinavyotuamsha, vikiwemo vile vya shina la ubongo vinavyotoa noradrenalini na vile vya haipothalamasi vinavyotoa histamini. Leo daktari anaweza kupima orexini katika majimaji ya uti wa mgongo kuthibitisha ugonjwa. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza inayoziba vipokezi hivyo kwa watu wanaokosa usingizi. Dawa za upande wa pili, zinazoamsha kipokezi kwa wagonjwa wa nakolepsi, zimefika hatua ya tatu ya majaribio kwa binadamu. Kutoka RNA isiyo na jina mpaka dawa, imepita chini ya miaka 30.

Kutoka jeni moja hadi zote

Kama jeni moja inaweza kutufundisha hayo, vipi tukizitazama zote? Mwaka 2003, Paul Allen, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Microsoft, alianzisha taasisi ya sayansi ya ubongo mjini Seattle. Ilianza na panya, ikatafuta RNA ya jeni karibu 20,000 moja baada ya nyingine. Kisha ikahamia kwa binadamu, na matokeo makuu yakachapishwa mwaka 2012.

Ramani ile ya binadamu ilitokana na watu sita. Ubongo ulipigwa picha kwanza, ukagandishwa, ukakatwa, na vijisampuli vikachukuliwa kwa mkono, au kwa mwale wa leza pale ambapo sehemu ni ndogo mno kwa kisu. Watu wawili wa kwanza walichukuliwa sampuli karibu 900 kila mmoja. Kwa wote sita zilifika kama 3,700. RNA ya kila sampuli ilipimwa juu ya kibao kidogo chenye makumi ya maelfu ya vinaso, kila kimoja kikiwa kimetengenezwa kunasa RNA ya jeni maalumu.

Ilionekana kwamba takriban asilimia 84 ya jeni zetu zimewashwa mahali fulani ndani ya ubongo. Ilionekana pia kwamba upande wa kulia na wa kushoto hautofautiani kwa kiasi cha kupimika, ndiyo maana kwa watu wanne waliofuata ulitumika upande wa kushoto peke yake. Na gamba la juu, lile tunalojivunia kwa lugha na fikra, halitofautiani sana kutoka eneo hadi eneo. Tofauti kubwa ziko chini, kwenye vituo vidogo vya shina la ubongo na sehemu za ndani.

Hata hivyo sampuli ya mwaka 2012 ilikuwa na maelfu ya seli zilizochanganyika. Ilituambia mtaani kunasemwa nini, haikutuambia nani anasema. Mwaka 2023 zilitoka kwa pamoja makala 21 za mradi mkubwa uliogharimiwa na serikali ya Marekani. Mojawapo, iliyoongozwa kutoka Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, ilisoma RNA ya viini vya seli zaidi ya milioni 3, kimoja kimoja, kutoka sehemu kama 100 za ubongo wa binadamu. Walitumia kiini kwa sababu seli nzima ya neva, ikigandishwa, hupasuka, lakini kiini chake husalimika. Walipanga seli hizo katika makundi 461, yenye makundi madogo 3,313 ndani yake. Na utajiri mkubwa wa aina za seli ulikuwa palepale chini, kwenye sehemu kongwe za ubongo, ambako mara nyingi ujumbe wa njaa, usingizi, maumivu na hofu huanzia.

Tusiisome ramani zaidi ya inavyosema

Mwanasayansi mwaminifu huonyesha pia mipaka ya chombo chake. Ramani ya RNA hutuambia seli imeandaa nini, haituambii protini imepelekwa wapi. Seli ya neva inaweza kuwa na mwili wake kwenye shina la ubongo na ncha ya uzi wake mbali katika uti wa mgongo. RNA huonekana zaidi mwilini mwa seli; kazi hufanyika nchani.

Pili, si kila ujumbe una jeni yake. Orexini ni protini fupi, kwa hiyo jeni yake ipo. Dopamini haina jeni ya moja kwa moja. Ni kemikali inayotengenezwa na vimeng'enya. Ili kuitafuta kwenye ramani, tunatafuta jeni ya kimeng'enya kinachoanza kuitengeneza na jeni ya protini inayoipakia kwenye vifuko vyake.

Tatu, panya si mtu. Uchunguzi wa mwaka 2019 wa gamba la ubongo ulionyesha kwamba jeni za vipokezi vya serotonini ni kati ya zile zinazotofautiana zaidi baina ya panya na binadamu, kwa maana ya aina za seli zinazoziwasha. Ujumbe ni uleule, lakini anayeusikia kwa panya huenda siye anayeusikia kwetu. Dawa nyingi za magonjwa ya akili hugusa vipokezi hivyo, na nyingi hujaribiwa kwanza kwa panya. Haiwezekani basi kukwepa ubongo wa binadamu.

Ubongo wa nani?

Hapo ndipo suala hili linapotugusa sisi. Wale watu sita wa mwaka 2012 walitoka Marekani. Watano walikuwa wanaume, mmoja mwanamke. Wawili walikuwa Wamarekani weusi. Kutoka bara la Afrika, ambako ndiko kwenye utofauti mkubwa zaidi wa jeni za binadamu duniani, hakuna.

Je, hilo lina athari? Tazameni ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1960, mjini Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa huo wakakuta dopamini imepungua vibaya katika sehemu za ndani zinazoratibu mwendo. Mwaka uliofuata wagonjwa wakaanza kujaribiwa levodopa, ambayo mpaka leo ndiyo tegemeo lao. Mnaona tena: ubongo wa marehemu, mahali maalumu, kisha dawa.

Na ugonjwa huo uko kwetu. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 161,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wana Parkinson. Walikuwa wakitetemeka na kukakamaa bila jina la maradhi yao na bila dawa.

Kisha mwaka 2023, watafiti wa Nigeria pamoja na wenzao wa Uingereza na Marekani walitangaza tofauti ya kijeni ndani ya jeni iitwayo GBA1 inayoongeza uwezekano wa kupata Parkinson kwa watu wenye asili ya Kiafrika, na ambayo ni adimu mno kwa Wazungu. Tofauti hiyo haiko katika kipande cha jeni kinachopanga protini. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba inavuruga jinsi RNA inavyokatwa na kuunganishwa. Miaka yote ya kuwachunguza watu wa Ulaya haikuifichua, kwa sababu kwao ni adimu mno. Ramani isiyo na watu wetu ina mahali patupu, na daktari wetu anaitegemea ramani hiyohiyo.

Najua ombi ninaloelekea kulitoa ni zito. Maiti kwetu ina heshima yake. Muislamu huharakisha kuzika. Mkristo hukesha na mpendwa wake. Na kila ukoo una taratibu zake za kumsindikiza mtu. RNA nayo haisubiri. Huanza kuharibika mara baada ya kifo, na familia ingelazimika kuulizwa katika saa zile ngumu kuliko zote. Kwa hiyo sidhani kwamba jambo hili lianze mochari. Lianze tukiwa hai, na masheikh, mapadri na wachungaji, na wazee wa koo, kwa mazungumzo ya wazi juu ya kinachochukuliwa, kwa ajili gani, na kinarudishwaje. Anayekataa aheshimiwe bila kuulizwa mara ya pili.

Ipo pia njia ya karibu zaidi. Madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo hulazimika wakati mwingine kuondoa kipande cha tishu ili kuufikia uvimbe au kutibu kifafa. Kipande hicho kwa kawaida hutupwa. Mgonjwa akiridhia, kinaweza kugandishwa dakika ileile, na RNA yake kwa kawaida huwa bora kuliko ya maiti. Sehemu ya uchunguzi wa mwaka 2019 niliotaja ilitegemea tishu za namna hiyo. Tunachohitaji ni friji za nyuzi 80 chini ya sifuri zenye umeme wa uhakika, mafundi sanifu waliofunzwa, kamati za maadili zenye meno, na mikataba inayohakikisha kwamba sampuli ya Mwafrika haiondoki huku mtafiti wa Kiafrika akibaki nje ya makala.

Kwa wanafunzi nina neno la mwisho. Takwimu za ramani hizi zimewekwa wazi kwenye intaneti. Mtu yeyote anaweza kuzifungua bila malipo. Andikeni HCRT, jina la jeni ya orexini, muone inapowashwa. Kisha andikeni HCRTR1 na HCRTR2, majina ya vipokezi vyake, mlinganishe. Mkiona swali ambalo ramani haijibu kwa sababu watu wake ni wachache au si wa kwetu, liandikeni, mpelekeeni mwalimu wenu, na mlifanye kuwa utafiti wenu. Kazi ya kuujua ubongo wa binadamu haitakamilika kwa kutazama binadamu wa upande mmoja wa dunia, na wa kuikamilisha ni pamoja na ninyi mlioketi hapa.